Mpiga Saksofoni Aliyeacha Sindano

Katika parokia ya kwanza niliyotumwa kisha kupata upadri, tulikuwa na mwalimu wa nyimbo mwenye kipaji cha ajabu. Wimbo akiusikia mara moja, aliupiga kwenye harmoniumu bila karatasi, sauti zote nne. Lakini alikuwa anakunywa lutuku. Jumapili zingine alifika misani akinuka, Jumapili zingine hakufika kabisa, na waimbaji wakabaki kuangaliana. Tulimwonya, tukamsamehe, tukamwonya tena. Siku moja akaacha kweli. Akakaa miezi mitatu bila kugusa kikombe. Ndipo baraza la parokia likatoa shauri: mwalimu amepona, Mungu asifiwe, lakini asirudi tena kwenye harmoniumu, maana ni muziki uliompeleka kwa wanywaji, kwenye arusi na kwenye matanga. Mimi, padri kijana, nikakubali. Ufunguo wa harmoniumu ukapewa sakristano. Mwalimu hakusema neno.

Nimekumbuka jambo hilo kwa kusikiliza upya sahani za muziki za John Coltrane, mpiga saksofoni, mtu mweusi wa Marekani, aliyezaliwa tarehe 23 Septemba 1926 katika mji mdogo wa Hamlet, North Carolina, akafa tarehe 17 Julai 1967 mwenye miaka 40. Wasomaji wengine watauliza, jazi inatafuta nini katika kurasa za seminari? Ninajibu: mtu huyu alikuwa mlevi wa pombe na mtumwa wa heroini, mwaka 1957 akaacha vyote viwili, na saksofoni hakuiacha. Miaka saba baadaye akatengeneza sahani moja, jina lake A Love Supreme, na katika barua iliyochapishwa juu ya bahasha yake akashuhudia ya kuwa alipata kuamshwa rohoni kwa neema ya Mungu katika mwaka ule wa 1957, na ya kuwa aliomba apewe njia ya kuwafurahisha watu kwa muziki. Hakuomba atolewe katika muziki. Aliomba abaki ndani yake kwa namna nyingine. Ikiwa ushuhuda huo una maana, basi baraza letu lilikosea, nami pamoja nalo. Kwa hiyo siandiki juu ya sahani hii kwa kujifurahisha tu.

Lakini tusikilize kwa uangalifu, maana juu ya Coltrane yamesemwa mengi yasiyo sawa, na watu wa dini nao wamechangia sehemu yao.

Babu yake, mzazi wa mama, William Blair, alikuwa mchungaji wa kanisa la Wamethodisti weusi. Baba yake alikuwa fundi wa kushona nguo, naye alipenda kupiga vyombo nyumbani. John alipokuwa na miaka 12, babu na baba wakafa wakifuatana upesi, nyumba ikabaki mikononi mwa wanawake. Ni karibu na wakati ule kijana akajishikamanisha na muziki kwa nguvu zote. Mwaka 1943 akahamia Philadelphia, kisha akawa askari wa majini, kisha akaingia katika mabendi yaliyozunguka mji kwa mji. Mwaka 1949 alikuwa katika bendi kubwa ya Dizzy Gillespie. Kijana mnyenyekevu, wasema wote waliomjua, mwenye maneno machache.

Ulevi wake haukuanza kwa uovu wa pekee. Twapaswa kuelewa kazi ya hao watu. Walifanya kazi usiku, mahali panapouzwa pombe. Walilala mchana katika vyumba vya kukodi. Hoteli nyingi na mikahawa mingi ilikuwa haiwapokei juu ya rangi yao. Miaka kisha vita, heroini ikaingia kwa wingi katika mitaa ya watu weusi ya miji mikubwa. Tena palikuwa na mfano mmoja uliowadanganya vijana: Charlie Parker. Huyu alipiga saksofoni kama hakuna mtu mbele yake, naye alikuwa mtumwa wa sindano. Vijana wakaunganisha mambo hayo mawili, wakafikiri ya kuwa sindano ndiyo inayoleta sauti ile. Parker mwenyewe aliwakataza, hawakumsikia. Alikufa mwezi wa Machi 1955, mwenye miaka 34. Fats Navarro, mpiga tarumbeta, alikuwa amekwisha kufa mwaka 1950 na miaka 26. Billie Holiday, mwimbaji, alikufa mwaka 1959 na miaka 44. Tena serikali ya mji wa New York ilikuwa na desturi mbaya: mtu aliyehukumiwa kwa ajili ya dawa hizo alinyang’anywa kadi ya polisi, na bila kadi hakuweza kupiga muziki mahali panapouzwa pombe. Maana yake, aliyeanguka alikatazwa kazi ambayo ingemsaidia kusimama. (Niliposoma habari ya kadi hiyo, nilikumbuka ufunguo wa harmoniumu.)

Coltrane naye akanaswa. Mwaka 1954 Johnny Hodges, aliyempenda, alimtoa katika bendi yake kwa sababu hiyo. Mwaka 1955 Miles Davis, mpiga tarumbeta, akamwita katika kundi lake la watu watano. Miles alikuwa amejinasua mwenyewe na heroini miaka michache mbele, basi alijua anachokiona. Coltrane alifika na nguo zilizochakaa, akasinzia jukwaani mbele ya watu waliolipa. Mwezi wa Aprili 1957 Miles alimfukuza.

Hapa wahubiri wangependa kusema ya kuwa muziki wake wa wakati ule ulikuwa mbaya, na ya kuwa toba iliufanya mzuri. Mimi siwezi kusema hivyo, maana masikio yangu yanakataa. Kuna ushahidi mmoja ambao ninaushauri kwa kila mtu anayetaka kuhukumu jambo hili. Tarehe 24 Mei 1956 Sonny Rollins alipiga wimbo mmoja, Tenor Madness, akimwalika Coltrane apige pamoja naye. Ni dakika kumi na mbili hivi, saksofoni mbili za aina moja, wakipokezana. Rollins alikuwa mtumwa wa heroini vilevile, lakini mwaka 1955 alikwenda kwa hiari katika hospitali ya serikali ya Lexington, Kentucky, akaponywa. Basi katika wimbo ule mmoja ni mtu huru na mwingine angali kifungoni. Mchezee rafiki wimbo huu bila kumwambia majina, umwulize: yupi ni mfungwa? Nimejaribu na mapadri wawili na mseminari mmoja. Wote watatu walibahatisha, na wawili walikosa.

Neno hili ni chungu kwetu, lakini ni lazima tulikubali. Sikio halisikii hali ya roho. Mtu aweza kupiga vizuri akiwa katika shimo, na mwingine aweza kupiga vibaya akiwa mtakatifu; tunao waimbaji wa namna hiyo ya pili katika kila parokia. Anayetaka kusema ya kuwa kuacha ulevi kulimpa Coltrane kipaji, anasema uongo wa kidini, na uongo wa kidini hauna heshima kuliko uongo mwingine.

Lakini tusianguke upande wa pili, kama wale wanaosema: mnaona, heroini haikumzuia. Ilimzuia, lakini si pale wanapotazama. Twende katika hesabu. Mwanzoni mwa mwaka 1957 Coltrane alikuwa na miaka 30. Alikuwa amepiga katika sahani nyingi za watu wengine. Sahani yake mwenyewe, yenye jina lake, yeye akiwa mkubwa wa kazi, haikuwapo hata moja. Nyimbo alizotunga zilikuwa chache. Mtu mwenye kipaji cha namna ile, na miaka 30, bado alikuwa mtumishi wa usiku wa wengine. Anafika, anapiga sehemu yake, anapokea franka zake, anakwenda kuzitia katika mkono wake kwa sindano. Anayepiga vizuri kwa dakika tatu bado hajawa mtu wa kazi. Kazi inataka asubuhi, na ni asubuhi hizo ambazo heroini ilimnyang’anya.

Alipofukuzwa, alirudi Philadelphia katika nyumba ya mama yake, akawaambia mama na mkewe Naima ya kuwa anaacha. Akajifungia katika chumba. Anayeacha heroini ghafula huumwa na mifupa, hutapika, hutokwa na jasho na baridi pamoja, halali usiku wala mchana. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya kuliko zote. Mama na Naima walimtunza, wakampa maji. Hakwenda hospitali. Hapa ninasimama kidogo kwa neno la uchungaji: asiige mtu. Kuacha pombe nyingi kwa ghafula bila mganga kunaweza kuua. Coltrane aliacha pombe na heroini wakati uleule, akaishi, wengine hawaishi. Padri anayeletewa mtu wa namna hii ampeleke kwanza kwa daktari, halafu amfundishe kusali.

Waandishi wengi wanasimulia siku zile za chumbani kana kwamba ndizo habari yote. Zinafaa kwa sinema. Kwangu mimi zinanivutia kidogo tu, kwa sababu hakuna muziki ndani yake. Kinachonivutia ni kalenda inayofuata. Tarehe 31 Mei 1957, wiki chache tu kisha mateso yale, akaingia studioni kutengeneza sahani ya kwanza iliyo yake mwenyewe. Mwezi wa Julai akaanza kupiga kila usiku na Thelonious Monk katika Five Spot, nyumba ndogo ya New York, wakaendelea hata mwisho wa mwaka. Tarehe 15 Septemba akatengeneza Blue Train, yenye nyimbo tano, na nne katika hizo alizitunga yeye. Tazama! Mwezi wa Aprili ni mtu aliyefukuzwa kazi. Mwezi wa Septemba ni mtunzi.

Monk huyo anastahili sifa kubwa kuliko anazopewa. Alikuwa mpiga piano mwenye tabia ya peke yake, naye alikuwa amenyimwa kadi ya polisi kwa miaka mingi, akairudishiwa mwaka ule ule wa 1957. Coltrane alikwenda nyumbani kwake mchana, akamkuta pengine angali kitandani, wakaketi kwenye piano. Monk alipiga, Coltrane akatafuta sauti zile kwenye saksofoni, na kama hazikupatikana, Monk alirudia tena na tena. Baadaye Coltrane alieleza ya kuwa kupiga na Monk kulimlazimu kukesha akilini kila wakati, maana ukipoteza mahali ulipo, ni sawa na kukanyaga hewa. Tena Monk alikuwa na desturi ya kuacha piano katikati ya wimbo, akasimama kucheza pembeni, akimwacha Coltrane peke yake na ngoma na besi. Fikirini! Mtu aliyekuwa anasinzia jukwaani, sasa anapewa mwalimu ambaye mbele yake haiwezekani kusinzia. Tarehe 29 Novemba mwaka ule walipiga pamoja katika Carnegie Hall, na utepe wa usiku ule ukalala katika maktaba ya taifa ya Marekani hata mwaka 2005 ulipopatikana. Katika utepe huo husikii mgonjwa anayepata nafuu. Wasikia mtu anayefanya kazi kwa furaha.

Baraza letu la parokia lilifikiri ya kuwa mtu aponaye ni kama kidonda: afunikwe, asiguswe. Monk alifanya kinyume. Alimpa kazi ngumu kuliko ile ya mbele.

Ya kusema mwaka 1957 ulimaliza mambo yote, Coltrane mwenyewe hakusema. Katika barua ile ya A Love Supreme anakiri ya kuwa baada ya neema ile ulifika wakati wa kusitasita, akatoka katika njia. Hasemi ni nini hasa, nasi tusichimbe. Alirudi kwa Miles mwezi wa Januari 1958. Alipiga katika Kind of Blue mwaka 1959. Alijifunza kama mwanafunzi wa mtihani: wenzake wameshuhudia ya kuwa alifanya mazoezi asubuhi, alifanya mazoezi katika dakika za kupumzika kati ya muziki na muziki, na usiku hotelini alisogeza vidole juu ya saksofoni bila kupuliza, asiamshe jirani. Wakati mwingine usingizi ulimkuta na chombo mkononi. Mwaka 1958, pamoja na Wilbur Harden, alitia katika sahani wimbo uitwao Tanganyika Strut. Sisi tuliokua kando ya ziwa hilo twatabasamu, maana hauna samaki wala mawimbi yetu, lakini twashukuru kwa kukumbukwa.

Mtu mwenye shaka ataniuliza: je, hakubadilisha kiu moja kwa kiu nyingine? Swali hili ni zuri, wala silikimbii. Kuna kitu cha kutisha katika mazoezi yale. Naima, aliyemtunza katika siku zile mbaya, na ambaye jina lake alilipa wimbo mpole kuliko nyimbo zake zote, alimwacha mwaka 1963. Mimi padri siwezi kupita juu ya neno hili kana kwamba ni tone la wino. Kuponywa ulevi hakukumfanya mume mwaminifu hata mwisho. Wanaomsimulia kama mtakatifu wa sanamu wanamsahau mama huyu, na kwa kumsahau wanadhulumu.

Hata hivyo kiu hizi mbili si moja. Niliipata tofauti yao katika wimbo Alabama. Tarehe 15 Septemba 1963 watu wenye chuki walitega bomu katika kanisa la Wabatisti weusi katika mji wa Birmingham, wakaua wasichana wanne waliokuja kwa mafundisho ya Jumapili. Miezi miwili baadaye, tarehe 18 Novemba, Coltrane alipiga wimbo huo. Ni mfupi. Saksofoni inasema polepole juu ya piano inayotetemeka, kama mtu asomaye majina ya marehemu mbele ya jeneza. Mtumwa wa sindano hulilia sindano yake. Huyu analilia watoto wa wengine, na haongezi pambo hata moja, yeye aliyejulikana kwa kumwaga sauti nyingi kama mvua juu ya bati. Kiu ya kwanza ilimfunga ndani ya chumba kimoja. Hii ya pili ilimtoa nje hata kaburi la watu asiowajua.

Sasa A Love Supreme. Ilitengenezwa usiku mmoja, tarehe 9 Desemba 1964, katika studio ya Rudy Van Gelder huko Englewood Cliffs, New Jersey, pamoja na McCoy Tyner kwenye piano, Jimmy Garrison kwenye besi na Elvin Jones kwenye ngoma. Kesho yake walijaribu tena kipande cha kwanza wakiongeza watu wawili, lakini kilichochapishwa ni kile cha usiku wa kwanza. Urefu wake ni dakika 33 hivi, sehemu nne. Kwa lugha yetu ningeziita: Kukiri, Kuazimia, Kufuata, Zaburi.

Kila mseminari ataona upesi ya kuwa majina hayo yanafanana na ngazi za sakramenti ya kitubio, naye atafurahi, atataka kuandika karatasi ya mtihani. Ninamwomba angoje. Coltrane hakuwa Mkatoliki, wala hakubaki Mmethodisti wa babu yake. Naima alikuwa Mwislamu. Alisoma vitabu vya Wahindu na vya Wayahudi, na baadaye alisema wazi ya kuwa anaamini dini zote. Huko San Francisco kuna kanisa dogo la Waorthodoksi Waafrika lililomtangaza kuwa mtakatifu wake, na muziki wake hupigwa ibadani. Wana haki yao. Sisi hatuna ruhusa ya kumbatiza kisha kufa kwake, wala hatuna haja. Tusikie alichofanya.

Sehemu ya kwanza inafunguliwa na sauti ya shaba iliyogongwa, kisha saksofoni inaita mara moja, kama mwadhini au kama kengele ya asubuhi. Kisha besi peke yake inaanza neno la sauti nne. Sauti nne tu. Mtoto wa shule aweza kuziimba. Coltrane anapiga juu yake kwa muda mrefu, halafu anafanya jambo ambalo ni siri ya sahani yote: anachukua neno lile la sauti nne na kulipitisha katika ngazi zote kumi na mbili za muziki, moja kwa moja, bila kulibadilisha. Kana kwamba anabisha katika kila mlango wa nyumba kwa neno moja. Mwishoni anaacha saksofoni, anaimba kwa kinywa jina la sahani, akirudia na kurudia kwa sauti isiyo ya mwimbaji, sauti ya mtu wa kawaida. Ninyi mnaosali rozari mtaelewa kurudia huko kuliko wahakiki wa magazeti, ambao wengine walikuona ni upungufu.

Sehemu ya pili na ya tatu ni za nguvu. Ngoma ya Elvin Jones inafungua ya tatu peke yake, na besi ya Garrison inaifunga peke yake. Sitakaa hapo. Ni muziki mkubwa, lakini wengine wamefanya karibu na huo.

Zaburi ndiyo inayonisimamisha. Ngoma haina mwendo tena, inanguruma tu kama radi ya mbali. Saksofoni inasema vifungu vifupi, inashuka, inapumzika, inasema tena. Mara ya kwanza nilifikiri ni kutangatanga. Kisha nikajifunza kile ambacho wataalamu wamekithibitisha: Coltrane aliandika sala ndefu ya shukrani, ikachapishwa ndani ya bahasha ya sahani, naye katika sehemu hii anaisoma kwa saksofoni, silabi kwa silabi. Chukua karatasi ile, fuata kwa kidole, utaona. Ni namna ya zaburi zetu kabisa: sauti inakaa juu ya noti moja, inabeba maneno mengi au machache, na mwisho wa kifungu inainama. Hakujifunza kwa watawa wetu. Nafikiri alikuwa na kumbukumbu ya wahubiri weusi wa utoto wake, ambao mahubiri yao huelekea kuwa wimbo. Maneno yako karatasini, anayetaka atayasoma, sauti haiyatamki. Ameacha sala yake wazi mbele ya watu wote, na papo hapo ameificha. Nimesikia ushuhuda mwingi wa walevi walioongoka, mwingi wao ni wa kelele, nao husimulia dhambi kwa utamu kuliko neema. Katika Zaburi hii sindano haitajwi. Hakuna chumba, hakuna jasho, hakuna Philadelphia. Yeye anashukuru tu.

Tena angalieni muda. Mwaka 1957 hata mwaka 1964: miaka saba. Mtakatifu Augustino alibatizwa mwaka 387, na Maungamo yake aliyaandika miaka kumi hivi baadaye. Kama Coltrane angetoa sahani ya shukrani mwaka uleule wa 1957, tungepata hadithi ya mtu aliyeogopa kufa. Alingoja hata neema ile ikaonekana katika kazi, pamoja na kuanguka kwake kwa katikati. Sisi twapenda kumpandisha mlevi mbele ya altare siku ya arobaini, ashuhudie, tupige makofi. Mwezi wa tatu ameanguka, na aibu yake ni mara mbili.

Sisifu kila kitu. Miaka miwili ya mwisho alisukuma muziki hata mahali ambapo mimi simfuati. Om, iliyotengenezwa mwaka 1965, nimejaribu mara tatu, wala sikufika mwisho. Ni makelele ya watu wanaotaka kupanda mbinguni kwa kuvunja dari. Ascension, ya mwaka uleule, ninaivumilia kwa heshima. Wapo wanaosema ndiyo bora kuliko zote, na huenda masikio yao ni mapana kuliko yangu. Lakini hata hapo sisikii mtu anayerudi nyuma. Mwaka 1966 huko Japani waandishi walimwuliza anataka kuwa nini miaka inayokuja, akajibu ya kuwa angependa kuwa mtakatifu. Wanasema alicheka kidogo. Mwaka mmoja baadaye akafa kwa saratani ya ini, kiungo kile ambacho pombe na sindano chafu hukiumiza. Tangu Aprili 1957 hata Julai 1967 ni miaka kumi na miezi mitatu. Karibu kila kitu tunachokiita Coltrane kimo ndani ya miaka hiyo.

Augustino huyo huyo, katika kitabu cha kumi cha Maungamo, anaogopa uzuri wa nyimbo za kanisa: anapoguswa na sauti kuliko na neno linaloimbwa, anajiona ametenda dhambi, na hata hivyo anakubali nyimbo zibaki. Baraza letu lilikuwa na woga wa Augustino bila kukubali kwake. Na tena tulikosa shabaha. Si harmoniumu iliyomnywesha mwalimu. Kwenye matanga alilipwa kwa lutuku kwa sababu sisi wa parokia tulikuwa hatumlipi kitu.

Mwalimu angali hai. Nimehamishwa parokia ile kwa miaka minne sasa. Walioniletea habari wanasema hanywi, analima mihogo, na Jumapili anakaa nyuma kabisa karibu na mlango, haimbi. Harmoniumu imeingiwa na panya. Wiki iliyopita nimemwandikia padri aliye huko barua ya kurasa mbili, nikaeleza kosa langu, nikaomba ufunguo utolewe kwa sakristano, na apatikane mtu wa kutengeneza mifuko ya hewa ya harmoniumu, nami nitachangia. Barua ya pili nimemwandikia mwalimu mwenyewe. Bado sijapata jibu.